Dhamana ya injini: nani hasa anamdhamini nani?

Siku hizi si ajabu kumwona mwalimu wa shule ya upili mjini Kitale, au mwenzake wa Bungoma, akiingia shuleni asubuhi kwa gari lake mwenyewe. Amekopa katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ameongeza vijisenti vya mahindi au vya miwa, na amelipata gari ambalo Mjapani alikwisha kulitumia kwa miaka sita au saba. Ni hatua njema, wala sina neno nayo. Ninalotaka kulijadili ni karatasi moja inayofuata baada ya gari: ile ahadi kwamba mteja akilipa kiasi fulani cha ziada kila mwaka, basi injini ikifa atatengenezewa bila ya yeye kutoboka mfuko. Wauzaji huiita waranti ya nyongeza. Anayeiuza aghalabu si yule aliyeliunda gari, wala si yule aliyeliuza. Ni mtu wa tatu kabisa.

Mimi si fundi wa magari na sitajidai kuwa wakili. Kazi yangu ni isimu, na chombo changu ni sentensi. Lakini katika miaka ya karibuni walimu niliowahi kuwafundisha wameniletea mikataba ya namna hii niwasomee, na kila ninapoisoma naona kwamba tatizo kubwa halimo katika injini. Limo katika maneno.

Tuanze na jina lenyewe. Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana katika uwanja huu, na kila moja limekuja na mfanyabiashara wake. Dhamana ni la Kiarabu. Bima tumelipata kwa Wahindi. Waranti ni la Kiingereza, na kwa hakika ni ndugu wa damu wa garantii: yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kijerumani cha kale uliopitia Kifaransa, moja kwa lahaja ya kaskazini, jingine kwa lahaja ya kati. Mtu wa kawaida wa Bungoma akilisikia neno waranti, humwazia kwanza polisi mwenye karatasi ya kumkamata. Akilisikia neno dhamana, huwaza mahakama, mshtakiwa akiachiliwa na mtu wa ukoo wake akisimama kumdhamini.

Maana hiyo ya mahakamani ndiyo yenye uzito. Pale mdhamini ana jina, ana uso, na ana shamba lenye hatimiliki huko Kimilili au Cherang'any. Mshtakiwa akitoroka, ataulizwa yeye. Neno lenyewe limo katika ngeli ya watu: mdhamini, wadhamini. Sasa ichukue ile karatasi ya injini umtafute mdhamini ndani yake. Hutamwona. Utasoma kwamba madai yatachunguzwa, idhini itatolewa, malipo yanaweza kupunguzwa. Nani atachunguza? Nani atatoa idhini, na akikataa aulizwe na nani? Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua kauli ya kutendwa, lakini ni wachache walioambiwa kwamba kauli hii ni maficho mazuri kwa mtenda ambaye hataki kuonekana. Kwa upande wa mteja, hata hivyo, kauli hubadilika ghafla: mteja atabadilisha oili, mteja atahifadhi risiti, mteja atagharamia. Hapo mtenda yuko wazi kama jua la saa sita.

Liko jambo jingine la kustaajabisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo ni Sura ya 31 ya sheria za Kenya na iliyofuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inatambua ahadi za aina mbili. Ahadi kuu ni sharti. Likivunjwa, mnunuzi aweza kuikataa bidhaa. Ahadi ndogo, ya pembeni, ndiyo waranti. Ikivunjwa, mnunuzi hudai fidia tu na bidhaa hubaki mikononi mwake. Ukihamia katika sheria ya bima, neno hilohilo linageuka uso. Huko waranti ni ahadi anayoitoa mwenye kukatiwa bima, na kwa kanuni ya kale iliyoandikwa katika sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906, akiivunja hata kwa jambo dogo kampuni huwa imejivua jukumu. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa sheria ya mwaka 2015. Basi neno ni moja, lakini dukani ni ahadi ya muuzaji na kwenye bima ni ahadi ya mnunuzi. Mwalimu wetu wa Kitale anaamini kwamba ameinunua ile ya kwanza. Akivisoma vifungu polepole, anakuta ametia saini ya pili.

Nitatoa mfano wa mkataba mmoja nilioletewa na mwalimu anayefundisha karibu na Kiminini. Kampuni sitaitaja. Mkataba huo ulimtaka abadilishe oili kila baada ya kilomita 5,000, katika gereji zilizoidhinishwa peke yake, na gereji zenyewe zilikuwa Nairobi, Mombasa na Nakuru. Gari likimfia Kamukuywa, gharama ya kulivuta ni yake. Injini isifunguliwe kabla ya idhini. Lakini idhini haitolewi mpaka chanzo cha kasoro kijulikane, na fundi gani atakijua chanzo cha injini kugonga bila ya kuifungua? Gharama ya kuifungua ni ya mteja hadi itakapothibitishwa kwamba kasoro ile inalipika. Uharibifu wowote uliotokana na injini kuchemka haumo. Uchakavu wa kawaida haumo. Kasoro iliyokuwepo kabla ya mkataba haimo, na anayepaswa kuthibitisha kwamba haikuwepo ni mwenye gari. Ukivuka mpaka wa Jamhuri, ahadi yote inasimama.

Msomaji anayeishi huku kwetu ataona mara moja jinsi vifungu hivi vinavyomkaba. Kitale iko juu zaidi ya Bungoma kwa mamia ya mita, na gari lililojaa watu na magunia likipanda kutoka Webuye hufanya kazi ya punda. Injini nyingi hazifi kwa ubovu wa chuma chake. Hufa kwa sababu mpira wa rejeta umepasuka, mpira wa bei ya chini kabisa, maji yakavuja, dereva akaendelea kilomita mbili tatu akitafuta mahali pa kusimama, silinda hedi ikapinda na gasketi ikaungua. Kuchemka ndiko kifo cha kawaida cha injini katika barabara zetu, na ndiko kulikoondolewa. Ama kuhusu mpaka, Bungoma na Malaba ni jirani mno. Kuna Wabukusu wenye wajomba na shemeji kwa Wagisu upande wa Uganda, na msiba ukitokea Mbale hakuna atakayeliacha gari Malaba eti kwa sababu ya kifungu.

Na kasoro ya kabla ya mkataba utaikanusha kwa ushahidi gani? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Ndivyo kinavyosema kiwango KS 1515 cha mwaka 2000. Lakini miaka minane ni mingi. Dhamana ya kiwanda, ambayo kwa magari mapya huwa kama miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, imekwisha kufa zamani. Mara nyingi gari linakuja bila ya kumbukumbu za matengenezo, na mita ya kilomita ni kifaa kinachoweza kurudishwa nyuma na mtu asiye na haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari limebaki Yokohama.

Yupo mtaalamu wa uchumi wa Kimarekani, George Akerlof, aliyechapisha mwaka 1970 makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi kueleza. Muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kulitenga zuri na bovu, hutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri huona anapunjwa, akajitoa sokoni, na yanayobaki yanazidi kuwa mabovu. Mojawapo ya dawa alizozitaja ni dhamana, maana muuzaji anayelijua gari lake kuwa zima hataogopa kuahidi. Ahadi yake ni habari.

Lakini tazama kinachotukia ahadi hiyo inapotolewa na mtu wa tatu. Yeye halijui gari hata kidogo. Yuko gizani pamoja na mnunuzi, tena pengine zaidi, kwani mnunuzi angalau ameusikia mlio wake. Kwa hiyo hawezi kuahidi kwa kulijua gari. Huahidi kwa kulizungushia ahadi yake ua wa vifungu vya kuepa. Vifungu hivyo havitokani lazima na roho mbaya. Vinatokana na ujinga, kwa maana ile safi ya neno: kutojua. Ndiyo maana mimi nitaithamini zaidi ahadi ya miezi mitatu, iliyoandikwa kwa mkono na mwenye yadi, kuliko ya miaka miwili iliyopigwa chapa nzuri na mtu asiyewahi kulifungua boneti la gari lile.

Wamarekani wameyaona haya kabla yetu. Sheria yao ya mwaka 1975, ijulikanayo kwa majina ya waliyoipigania, Magnuson na Moss, inataka waranti ya maandishi itolewe kwa lugha nyepesi na inayoeleweka, na inatenganisha waranti na kile inachokiita mkataba wa huduma, yaani ahadi inayolipiwa kando. Bidhaa hii tunayoizungumzia ni mkataba wa huduma. Si waranti. Huko pia kampuni moja kubwa ya Missouri iliyokuwa ikiuza mikataba hiyo, US Fidelis, ilifilisika mwaka 2010 na wenyewe wakaishia kukiri makosa mahakamani. Na simu za mashine zilizowasumbua wananchi kwa mamilioni kuhusu waranti za magari yao ziliifanya tume yao ya mawasiliano itoze faini ya karibu dola milioni 300 mwaka 2023. Bila shaka wako wauzaji waaminifu; lakini neno waranti lina mvuto, na wajanja wanaujua mvuto wake.

Je, basi mwalimu asinunue? Siendi umbali huo. Tufanye hesabu ya darasani, kwa tarakimu za kubuni. Chukulia kwamba mkataba ni shilingi 40,000 kwa mwaka, kikomo cha malipo ni shilingi 150,000, na katika kila dai mteja hubeba shilingi 20,000 za kwanza. Manufaa ya juu kabisa ni shilingi 130,000. Ili mteja asipate hasara kwa wastani, yampasa aipate faida hiyo nzima karibu mara moja katika kila miaka mitatu. Injini inayokufa mara moja kila miaka mitatu haifai kudhaminiwa; inafaa kuuzwa vyuma vikuukuu. Na kampuni, ili iishi, ni lazima kwa wastani ikusanye zaidi ya inavyolipa. Hilo si dhambi, ndivyo bima zote zilivyo.

Hata hivyo wastani haumtengenezei mtu gari. Mwalimu mwenye mkopo unaokatwa mshaharani, ambaye gari lake ndilo linalompeleka mama yake mgonjwa hospitali, hawezi kuzizua shilingi 150,000 kwa siku moja. Kwake yeye kulipa ghali kidogo ili aondokane na hofu ni uamuzi wa busara, mradi tu kile alichokinunua kiwe kinaondoa hofu kweli. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tu kwamba mikataba hii ni utapeli. Bidhaa inayoahidi kulipa injini iliyochemka, katika gereji ya Kitale, kwa idhini ya siku mbili, ningemshauri mtu ailipie. Ninayoiona mezani kwangu siyo hiyo. Kwa hii niliyoiona, afadhali zile 40,000 ziwekwe katika akiba kila mwaka kwa jina la injini, na elfu chache zitumike kabla ya ununuzi kumlipa fundi mzuri, au Chama cha Magari cha Kenya, alikague gari.

Swali la nani yuko nyuma ya karatasi nalo lisipuuzwe. Biashara ya bima nchini husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na kampuni iliyosajiliwa ikianguka, kuna mfuko wa kuwafidia wenye bima. Hata kwa usajili huo, wazee wetu wanakumbuka Kenya National Assurance ilivyoporomoka mwaka 1996, na wengine wanazikumbuka United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 zilipowekwa chini ya wasimamizi. Seuze gereji au wakala asiyesajiliwa kama kampuni ya bima! Huyo akifunga ofisi, mteja hana mfuko wowote wa kuubishia hodi. Nao wale wanaofikiri kwamba bima yao kubwa ya gari itaziba pengo hili, wasome tena: injini kuharibika yenyewe na uchakavu ni katika vitu vya kwanza ambavyo bima hiyo huvitoa.

Kuna ahadi moja ambayo mnunuzi tayari anayo bila ya kuilipia, na sijapata kumwona wakala wa waranti akiitaja. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu mwenye kuuza bidhaa kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ni ya ubora unaostahili kuuzwa, na hawezi kuifuta ahadi hiyo kwa maandishi madogo chini ya risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupata habari za kumwezesha kunufaika nazo. Gari lililotoka yadi leo na kufa injini mwezi ujao, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye yadi. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 na mtu anaweza kujisemea mwenyewe. Yamkini mnunuzi aliyekwisha kulitazama gari kwa makini atapata tabu kulalamikia kasoro iliyokuwa wazi machoni pake. Lakini mpasuko ndani ya silinda hauonekani kwa macho.

Na haki ya kupata habari inapatikana kwa lugha gani? Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mikataba yote niliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza ambacho hata Mwingereza hakizungumzi. Nikiuliza, huambiwa kwamba Kiswahili hakina umakini wa kisheria. Hoja hii ni dhaifu mno. Lugha yoyote hukosa umakini mikononi mwa mwandishi mzembe. Andika "sehemu ya injini iliyoharibika" na umezua kesi, kwa sababu sehemu na injini zote ni za ngeli moja, na msomaji hajui kilichoharibika ni kipi. Andika "kifaa cha injini kilichoharibika" na ubishi umekwisha. Upatanisho wa kisarufi umekuonyesha kwa kidole. Kiingereza hakina kidole hicho. Mahakama zina kanuni kwamba neno lenye utata hufasiriwa dhidi ya yule aliyeliandika, na pengine ndiyo sababu inayowafaa zaidi wateja kudai maandishi ambayo wao wenyewe wanaweza kuuona utata wake.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, tunawafundisha vijana uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, tangazo, resipe. Mkataba tuupe nafasi kubwa zaidi. Kijana wa Lugulu au wa Kiminini atazaliwa kwenye soko lililojaa ahadi zilizochapishwa: ahadi ya simu kwa mkopo, ya pikipiki, ya mbegu, ya trekta la kukodi. Resipe ya pilau ataweza kumwuliza mama yake. Vifungu vya mkataba atamwuliza nani?

Mwalimu wa Kiminini hakutia saini. Aliiandikia kampuni akitaka tafsiri ya Kiswahili, akajibiwa kwamba haipo na kwamba hata ikiwepo, maandishi ya Kiingereza ndiyo yatakayoshika. Nakala yake aliniachia, nami nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili waitafsiri kama zoezi la muhula huu, kila kauli ya kutendwa wamtafute mtenda wake na wamwandike kwa jina. Mkataba wa kampuni una kurasa kumi na moja. Rasimu yetu ina mbili na nusu, na ndio kwanza tumefika kwenye giaboksi.